Mwaka Tuliosema Nina Jambo

Mwezi jana nilienda matanga ya Bi Zuhura kule Bondeni. Mlangoni alinipokea Mwanaidi, binti yake, macho yamefura kwa kulia na sauti imemkauka, na neno la kwanza alilonipa ni "Hujambo, Nyambura?" Nami niliyekuwa nimelia njia nzima, nikajibu, "Sijambo. Nyinyi hamjambo?" "Hatujambo." Mama yake amezikwa jana yake alasiri, lakini hatujambo! Nilivua viatu, nikajitanda leso, nikaketi mkekani na wanawake wengine, na kila aliyeingia alisema hayo hayo na kujibiwa hayo hayo. Sina ugomvi na adabu. Bi Zuhura mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Lakini nikiwa pale, mgongo ukutani, chini ya dirisha lile lile nililokuwa nikilifungua kila asubuhi nikiwa na miaka kumi na tisa, nilishikwa na hasira niliyodhani nimeizika zamani, nikamkumbuka Chebet. Nitasema mapema, msomaji asije akajipa moyo bure: Chebet alikufa mwaka ule niliokaa naye katika nyumba hiyo. Na asubuhi ya siku aliyokufa aliniambia kwamba ana jambo, nami nikacheka.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili na jiko la uani, zile nyumba za zamani za kaunsili, ukuta mwembamba hata jirani akikohoa unamwambia pole. Chumba cha mbele alilala Bi Zuhura. Cha nyuma alitupangisha sisi wawili, mimi wa Mau Narok na Chebet wa Keringet, tuliokuwa tukisomea taipu katika chuo kidogo juu ya duka la vitambaa mjini. Vitanda viwili vya chuma, meza moja, na kamba ya kuanikia nguo iliyopita juu ya vichwa vyetu, kwa sababu msimu wa mvua nguo hazikuwa na pengine pa kukaukia. Bi Zuhura alikuwa mjane. Wazee wake walitoka pwani zamani wakifuata kazi, naye alizaliwa hapa hapa Nakuru, na bahari ameiona labda mara mbili, lakini Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi cha kutuogopesha. Aliishi kwa kuuza mahamri na mbaazi za nazi. Kabla hakujapambazuka vizuri nyumba nzima ilikuwa inanukia iliki.

Sheria yake ilikuwa moja. Asubuhi, kabla ya chai, kila mtu alipita jikoni kumsalimu. Unasema shikamoo, anasema marahaba, hujambo? Unasema sijambo. Siku yangu ya kwanza, mimi mshamba, nilijibu, "Niko na homa kidogo." Aliweka mwiko chini. "Nimekuuliza homa mimi?" Nikasema hapana. "Salamu si hospitali, mwanangu. Kwanza sema sijambo. Halafu ukae, unywe chai, ndipo uniambie hiyo homa yako." Akanisimulia jinsi jirani mmoja alivyokuja kupiga hodi kuleta habari ya msiba wa mamake mzazi, na bado akajibu sijambo, akaketi, akanywa maji, ndipo akasema. "Yule amelelewa," alisema Bi Zuhura. "Wewe wa Mau Narok unaongea kama mtu anayepasua kuni." Sikumchukia kwa hilo. Ukiliangalia vizuri, halikuwa jambo baya, maana ndani ya sheria yake shida ilikuwa na mahali pake, baada ya chai. Ila sisi asubuhi tulikunywa chai tumesimama, hamri mkononi, tukikimbilia darasani. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufika kwenye ile "halafu."

Chebet ndiye wa kwanza kuona kichekesho. Alikuwa msichana mrefu, mwenye mwanya, anayecheka akiufunika kwa mkono, na Kiswahili chake alikijulia shuleni kwa hivyo alikitazama kama mgeni anavyotazama nyumba ya watu. "Nyinyi watu mnasalimiana kwa kukataa," aliniambia. "Huna jambo? Sina jambo. Sasa hilo jambo alibaki nalo nani? Kwetu ukiambiwa chamgei, yaani salama, unajibu chamgei mising, salama sana. Hujakataa kitu." Nilimwambia aende akamwambie Bi Zuhura hayo. "Aki wacha," alisema. "Nataka kuishi."

Kutoka Bondeni kwenda mjini kuna kamwinuko, wala si mlima, mtoto anapanda akiruka. Katikati yake palikuwa na duka la Mhindi mmoja mzee aliyeuza sufuria, karai na taa za stima na za mafuta. Jina lake hatukulijua, tulimwita Mzee wa Sufuria. Baada ya likizo ya Aprili Chebet alianza kusimama pale. Kila siku, kwenda na kurudi, anasimama kuangalia sufuria. Anashika hii, anaigeuza, anasoma namba iliyochorwa chini, anairudisha. Mimi nilimwonea sana. "Utaolewa na sufuria," nilimwambia. "Si ununue moja tujue moja?" Naye alitabasamu bila kujibu, mdomo umefunguka kidogo. Sasa najua alikuwa anatafuta pumzi. Mimi niliyelala naye chumba kimoja sikuona. Yule mzee aliona. Siku moja alitoka nyuma ya kaunta na kigoda, akakiweka mbele yake. "Kaa, binti." Chebet akakaa. Mzee akainamisha kichwa akatazama miguu yake, jinsi kamba za viatu zilivyokuwa zimemkata. Hakusema hujambo. Alisema, "Wapi nauma?"

"Haumwi na kitu, yeye anapenda tu sufuria," nilidakia mimi, mdomo mrefu.

"Mguu nafura," alisema mzee, bado anamtazama yeye.

"Haidhuru, mzee," Chebet alisema.

"Nadhuru," alisema yule mzee. "Nadhuru sana hii. Enda ona daktari."

Tulicheka, Mungu atusamehe. Tulijizuia mpaka tukapita duka, halafu tukacheka hadi Chebet akashika ukuta. Nadhuru! Nani anasema nadhuru? Watu wote tuliowajua walisema haidhuru, mvua ikinyesha haidhuru, ukikosa mtihani haidhuru, na huyu mzee, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kwamba neno hilo halina upande wa pili, akaligeuza tu kama anavyogeuza sufuria. Hapo ndipo mchezo wetu ulipoanza. Jioni hiyo, tukimenya viazi uani, tulianza kuyafufua maneno yaliyopoteza upande wao wa pili. Mtu akiwa kichwani si sawa si tunasema hamnazo? Basi mwalimu wetu wa taipu, mwanamke mwerevu, Chebet akamtangaza kuwa anazo, tena anazo zote. Bi Zuhura akisema fulani hawezi ana maana kwamba fulani ni mgonjwa, basi mzima tukamwita mwenye kuweza. Na juu ya yote tukaweka salamu. Chumbani mwetu mlango ukifungwa, mmoja anasema, "Nina jambo!" na mwenzake lazima ajibu, "Lete tulione!" na huyo wa kwanza anatoa chochote, soksi iliyotoboka, barua ya mvulana, hamri la kuiba. Tulicheza hivyo miezi. Nadhani sikuwahi kucheka tena vile maishani mwangu, na nimeolewa na mtu mcheshi.

Mambo mengine niliyaona lakini sikuyaunganisha. Mto wake mmoja ukawa miwili, halafu akaazima wangu, akasema shingo inamsumbua. Asubuhi nilimkuta ameketi kitandani ameegemea ukuta, anasema ameamka mapema kusoma. Ugali aliuacha nusu, halafu robo tatu. Alipanda ngazi za chuo wa mwisho, na akifika juu anajifanya kufunga kiatu. Ingekuwa leo ningesema, binti yangu, twende. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina mtihani, nina mvulana aliyeniandikia barua. Tena kuna siku tulikuwa chumbani tukipiga nguo pasi, na jirani, Mama Salim, yuko uani na Bi Zuhura wakichambua mbaazi. Nilishasema ukuta ulikuwa mwembamba. Mama Salim aliuliza, "Huyu mtoto wa Keringet hawezi? Namwona kama amevimba uso."

"Aa, anajilegeza tu," Bi Zuhura alisema. "Namuuliza kila siku, ananiambia sijambo. Nimpime mimi?"

"Wasichana wa siku hizi wanapenda kubebwa."

Chebet alikuwa ameshika pasi. Aliiinua, akaiweka kwenye kibati chake, akakunja sketi yake taratibu, pindo kwa pindo. Nilidhani atasema kitu. Nikamwambia, "Usijali, ni maneno ya wazee." Alisema, "Najali," nami nikaangua kicheko, nikidhani tumeingia mchezoni. Akatabasamu ili asiniaibishe. Kuanzia siku hiyo alipopita jikoni asubuhi sauti yake ya sijambo ilisikika mpaka barabarani.

Ilikuwa Novemba, siku ya mtihani wa mwisho. Nakumbuka nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda nafunga viatu vyeusi nilivyoazima, na kamba moja imekatika, naunganisha fundo. Chebet alikuwa ametangulia jikoni kusalimu. Nilimsikia Bi Zuhura akisema kitu kwa ile sauti yake ya kurekebisha watu, sikukishika, mafuta yalikuwa yanalia kwenye karai. Halafu Chebet akarudi, akasimama mlangoni. Alikuwa amevaa sweta la kijani ingawa jua lilikuwa limeshatoka. Aliweka mkono kwenye fremu ya mlango.

"Nyambura," alisema. "Nina jambo."

"Lete tulione!" nilisema. Sikuinua hata kichwa. Nilikuwa na ile kamba mdomoni, naivuta kwa meno, nacheka.

Akasema, "Basi."

"Jioni," nilimwambia. "Jioni utaniletea yote tuyaone. Harakisha, tutachelewa."

"Tangulia. Nakuja polepole."

Nikatangulia. Nilipita kando yake mlangoni na bega langu likamgusa, na alikuwa na jasho. Hilo nalikumbuka kwa mwili, si kwa kichwa. Nilishuka ngazi mbili za mbele nikakimbia.

Mtihani ulianza na meza yake ilikuwa tupu. Taipureta yake ilikuwa na karatasi na kaboni tayari, mwalimu alikuwa amewawekea wote. Nilimkasirikia. Nilijisemea, huyu naye, mwaka mzima halafu leo ndio anaangalia sufuria. Nilipiga taipu vizuri siku hiyo kuliko siku zote, na cheti hicho ndicho kilichonipa kazi yangu ya kwanza.

Nilirudi saa nane. Bi Zuhura alikuwa anaosha karai uani. Hatujaongea sana, Mzee wa Sufuria akatokea kwenye mlango wa ua, jasho limeloanisha shati lake, kofia mkononi. Hajawahi kufika nyumbani kwetu, sijui aliulizia wapi. Bi Zuhura aliinuka akapangusa mikono kwenye leso. "Karibu mzee. Hujambo?" Mzee alisimama pale anafungua mdomo anafunga. Bi Zuhura, kwa mazoea, akarudia, "Hujambo?" Na mzee akasema, "Binti kwisha kufa." Chebet alifika mpaka dukani kwake. Alikaa kwenye kile kigoda bila kuambiwa. Mzee alimpakia kwenye pikapu yake ya kubebea mizigo akamkimbiza hospitali, na huko hawakupata hata muda wa kumpa kitanda. Moyo, walisema. Moyo uliharibika tangu utotoni, baada ya homa ya viungo ambayo haikutibiwa sawasawa.

Kwenye sanduku lake tulikuta kadi ya kliniki. Alikuwa anajua. Aliwahi kuondolewa shule ya sekondari mwaka mzima kwa ugonjwa ule ule, na safari hii alijua wakisikia watamrudisha Keringet na nafasi ya chuo haitapatikana tena. Ndivyo alivyosema mama yake tulipoenda kumzika, upepo wa huko ukipeperusha udongo mwekundu juu ya viatu vyetu. Mama yake alinishika mikono yote miwili akasema, "Chamgei," nami nikajibu kama Chebet alivyonifunza, chamgei mising. Nilijiona mwongo wa kutupwa. Na pale kaburini, na baadaye Bondeni kwa wiki nzima, watu walikuwa na methali yao tayari: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama Salim aliisema. Mwalimu wa taipu aliisema. Nilitaka kusimama niwaambie hakuficha, aliniambia mimi. Sikusimama. Kama ningesimama wangeuliza, naye ulimwambia nini?

Basi nikakaa nalo. Nilipata kazi ya ofisi mjini, nikaolewa, nikazaa, nikastaafu, na sikuhama Nakuru. Kila Idi nilimpelekea Bi Zuhura sukari na unga, nikakaa kwenye mkeka wake. Hujambo, Nyambura? Sijambo, Bi Zuhura. Tuliongea habari za watoto, mvua, bei ya nazi. Jina la Chebet hatukulitaja hata mara moja. Mimi nilidhani amemsahau, na nikamchukia kidogo kwa hilo, nasema ukweli. Miaka ya mwisho macho yake yalipoingia ukungu alipata tabia mpya. Ukimpa mkono haachii. Anauliza hujambo, unajibu, anauliza tena, "Kweli hujambo? Huna jambo hata moja?" Anauliza mpaka unaona haya. Majirani walisema ni uzee. Mimi pia nilisema ni uzee. Idi iliyopita alinishika hivyo, kiganja chake kikavu kama karatasi, akauliza mara ya tatu, nami nikamwambia, "Sijambo kabisa, Bi Zuhura," nikauchomoa mkono kwa upole nikaenda zangu.

Mwezi jana, pale mkekani, wanawake wakaanza kutawanyika baada ya dua ya alasiri. Mwanaidi alinisindikiza hadi mlangoni. Mwaka ule wa Chebet alikuwa ameolewa Mombasa, hakumjua. Nilikuwa nimeshainama kuvaa viatu aliposema, "Nyambura, Chebet ni nani?"

Nikabaki nimeinama vile vile.

"Mama alikuwa akimtaja wiki hizi za mwisho," alisema. "Anasema msichana alikuja jikoni asubuhi moja. Akamuuliza hujambo, akajibu, nina jambo. Mama akamkemea, nani amekufunza Kiswahili hicho? Sema sijambo. Na yule msichana akasema sijambo, akaondoka. Mama akawa analia, Nyambura. Mtu wa umri ule. Ananiambia, mtoto alinipa kwa mkono wake, nikamrudishia." Mwanaidi akajifuta pua na ncha ya leso. "Anasema hakuwahi kumwambia mtu. Anasema kuna mwenzake yule msichana, ambaye Mama alikuwa anataka kumwambia, lakini kila akimuuliza, huyo mwenzake anasema hana jambo."

Wanawake wawili waliokuwa wakitoka walinipita mlangoni. "Kwaheri dada, hujambo lakini?" mmoja alisema, maana uso wangu nadhani ulikuwa umebadilika. Mdomo wangu ukaanza wenyewe kutengeneza lile neno, miaka yote hii umelizoea. Nikaufunga. Methali yao ikanirudia, mficha maradhi, na nikamwona Chebet na sweta lake la kijani akitoka jikoni kwa mmoja kuja chumbani kwa mwingine, amelibeba jambo lake, akibisha kila mlango uliokuwepo kabla ya saa mbili asubuhi.

Nilivua viatu tena. Nikarudi nikaketi mkekani, mahali Bi Zuhura alipokuwa akikaa, na nikamwambia Mwanaidi aweke chai.